Mbona mmekaa?

Swali hilo naulizwa mara nyingi kuliko ninavyoamkiwa shikamoo. Analiuliza mwalimu wa mpira wa miguu akipita na vijana wake wanaohema. Analiuliza mlinzi wa geti. Mkuu wa shule aliwahi kuliuliza kupitia dirisha la ofisi yake. Wanachoona ni mabinti kumi na wawili wamekaa kwenye baraza la darasa katikati ya kipindi cha michezo, wanapiga soga, wengine wanasukana nywele. Mbele yao kuna nondo, na pembeni ya nondo makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Hakuna hata mmoja anayetiririka jasho.

Kisha mmoja anasimama, anaingia chini ya nondo, anachuchumaa nayo begani mara nne, anairudisha mahali pake na kwenda kukaa tena. Dakika tatu. Soga linaendelea.

Nafundisha sekondari upande wa Tengeru, ukitoka Arusha mjini kama unaelekea Moshi, na ni mwalimu wa netiboli kwa sababu ileile inayowapata walimu wengi wa kike: nilicheza nikiwa msichana, na siku ya kikao cha kugawana majukumu nilichelewa. Miaka ya mwanzo nilifundisha jinsi nilivyofundishwa. Tunakimbia barabara ya vumbi mpaka mtoni, tunarudi kwa kupanda mlima, na wakishachoka kabisa tunamalizia kwa kichurachura.

Aliyesoma shule ya Tanzania au kupita JKT hahitaji kuelezwa kichurachura. Unachuchumaa mpaka makalio yaguse visigino, unashika masikio, unaruka mbele, unaruka tena, na anayehesabu huwa anasahau namba njiani kwa makusudi. Nilikuwa naipa timu yangu mia moja. Wakiamka asubuhi hawawezi kushuka ngazi, mimi roho yangu inatulia: hapo tumefanya kazi.

Kilichonitoa huko ni mpira mmoja. Ilikuwa robo ya nne, wapinzani wako mbele kwa bao moja, na mpira wa juu ukaenda kwa mfungaji wao. Binti yangu aliyevaa GK, yaani golikipa wetu, ni mrefu, ana akili ya mchezo, na ana pumzi ya kukimbia mpaka Usa River na kurudi. Aliuona mpira mapema. Aliruka. Ukapita juu ya vidole vyake kwa upana wa vidole viwili. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa na mstari, na nilichokiona sijakisahau. Macho yalikuwa yamewahi na uamuzi ulikuwa umewahi. Miguu ndiyo iliyochelewa kumrusha. Ilimnyanyua polepole, kama lifti.

Nikaanza kusoma. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kwa hiyo sikuwa na kisingizio.

Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba nguvu na mfyatuko ni vitu viwili, ingawa vinaishi nyumba moja. Neno mfyatuko nalitumia kwa maana ya mtego unapofyatuka: kani kubwa inayotoka ndani ya muda mfupi sana. Na muda huo ni mfupi kweli. Mkimbiaji wa mbio fupi akiwa kwenye kasi yake ya juu, mguu wake hugusa ardhi kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Msuli, ili ufikishe kani yake yote, unahitaji kama sehemu tatu za kumi za sekunde au zaidi. Maana yake mguu umeshaondoka ardhini kabla msuli haujamaliza kutoa ulichonacho.

Fikiria ghala la mahindi lenye mlango mwembamba, na gari la mteja limesimama nje kwa dakika moja tu. Unaweza kuwa na magunia elfu ndani. Kitakachohesabika ni yale yaliyopita mlangoni kabla gari halijaondoka. Nilipokuwa naimba "nguvu, nguvu" kwa mabinti wangu sikuwa naongeza magunia wala kupanua mlango. Nilikuwa nawachosha wapakiaji.

Sasa hapa ndipo pana utamu, na ndipo wengi tunapokosea. Mtu akitaka wepesi atafikiri afanye vitu vyepesi kwa haraka na aviepuke vyuma vizito, kwa sababu vyuma vizito vinapanda polepole. Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini msuli hauamki wote kwa mpigo. Mmarekani Elwood Henneman ndiye aliyeonyesha utaratibu wake: chembe ndogo za neva huitwa kwanza, na zile kubwa, zinazoendesha nyuzi za misuli zenye kasi na kani kubwa, huitwa mwisho kabisa, pale kazi inapokuwa kubwa. Ukikimbia kwa mwendo wa kawaida kwenda mtoni, wadogo wanatosha. Wakubwa wamelala. Unaweza kukimbia kwenda mtoni mwaka mzima usiwaamshe. Mzigo mzito unawaamsha, hata kama unasogea polepole, na wakizoea kuamshwa wanakuja mapema zaidi na kwa pamoja.

Ndiyo maana wiki za mwanzo za kunyanyua vyuma mtu anapata nguvu bila mwili kubadilika. Misuli bado haijanenepa, bali neva zimejifunza kuita. Jambo hilo lilikuja kunifaa sana baadaye mbele ya wazazi, nitaeleza.

Kuna Mwingereza anaitwa Archibald Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yake juu ya joto linalozalishwa na misuli. Mwaka 1938 alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri msuli unavyojifupisha kwa kasi ndivyo kani yake inavyopungua. Mzigo mzito sana, kani ipo lakini mwendo hakuna. Bila mzigo, mwendo upo lakini kani hakuna. Mfyatuko mkubwa uko katikati, kwenye kama theluthi moja ya kani ya juu ya msuli wenyewe. Misuli aliyoifanyia kazi ilikuwa ya vyura. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu chumba cha walimu. Vyura walishamaliza kutuambia, sisi tukabaki na kichurachura.

Kwa binti wa kilo hamsini na tano, mwili wake wenyewe ndio mzigo anaoruka nao siku zote. Kama uwezo wake wote wa kuchuchumaa na kusimama unaishia kwenye mwili wake na ndoo ya maji, basi kila mruko kwake ni mzigo mzito, naye atapanda kama lifti. Mfikishe kwenye kilo arobaini au hamsini za ziada begani, mwili uleule unakuwa mzigo wa wastani. Hajapungua hata gramu, ila amesogea kwenye mchoro wa Hill kuelekea pale katikati.

Basi nilihitaji vyuma. Bajeti ya michezo ya shule yetu inatosha mipira miwili na glukosi.

Nilinunua nondo ya milimita 25, mita mbili, ambayo peke yake ina kilo saba na ushee. Uzito niliutengeneza kwa makopo ya rangi ya lita nne: unasimamisha kipande cha bomba katikati ya kopo, unamwaga zege, unaliacha kivulini na kulimwagilia maji wiki nzima kama msingi wa nyumba. Kopo moja linatoka na kilo tisa hadi kumi. Nasema tisa hadi kumi kwa sababu nilipoyapeleka kwa muuza nafaka kupima kwenye mzani wake, moja lilikuwa 9.2 na jingine 10.1, na aliyebeba hiyo pea wiki ya kwanza alikuwa anapinda upande kama daladala iliyojaza abiria upande wa kivuli. Sasa kila kopo limeandikwa uzito wake kwa rangi ya kucha. Begani tunaviringisha kanga kuukuu juu ya tyubu ya baiskeli. Kwenye ncha, tyubu hiyohiyo inakazwa kuzuia makopo yasiteleze.

Fundi wa kuchomelea alinitengenezea nguzo mbili za kulazia nondo. Aliuliza, "Mwalimu, hizi ni za kuanikia nguo?" Nikamweleza. Akaangalia mchoro wangu, akasema, "Na akishindwa kunyanyuka huyo mtoto, inamwangukia nani?" Mimi na shahada yangu nilikuwa sijawaza. Akaongeza mikono miwili ya chuma usawa wa kiuno, ili nondo ikimshinda mtu aiache hapo. Hakudai hela ya ziada. Ukitaka kuiga chochote kutoka kwenye makala hii, anza na mikono ile.

Mazoezi yenyewe ni machache kiasi cha kutia aibu. Siku mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Wiki nne za kwanza nondo tupu, kujifunza kuchuchumaa: kisigino chini, magoti yafuate vidole, mgongo usikunjamane. Baada ya hapo uzito unapanda taratibu, na marudio yanashuka hadi manne au matano, seti tatu au nne. Kuna kuinua nondo kutoka chini, kuna kuchuchumaa kwa mguu mmoja mbele mmoja nyuma. Basi. Nilikuwa na orodha ya mazoezi kumi na moja, nikafuta manane.

Kanuni yangu kwao ina maneno sita: shuka kwa adabu, panda kwa hasira. Hasira hiyo ina ushahidi. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Kanada, David Behm na Digby Sale, waliwafanyisha watu mazoezi ya kifundo cha mguu. Mguu mmoja ulifungwa usisogee kabisa, mwingine uliachwa usogee, na pande zote mbili mtu aliambiwa avute kwa haraka yote aliyonayo. Miguu yote miwili ilipata faida ileile ya kasi, hata ule uliokuwa umefungwa. Kwa hiyo nondo ina ruhusa ya kupanda polepole kwa sababu ni nzito, lakini binti hana ruhusa ya kuipandisha polepole. Ubongo ndio unaofundishwa kutuma amri yote kwa mara moja.

Na ndiyo maana wanakaa. Amri ya namna hiyo haitumwi na mtu aliyechoka. Msuli una akiba ndogo ya nishati ya haraka, fosfokreatini, ambayo inaisha ndani ya sekunde chache na kurudi kwa sehemu kubwa ndani ya dakika tatu hadi tano. Ukimwamrisha binti arudi chini ya nondo baada ya nusu dakika, atanyanyua, ndiyo, lakini atanyanyua kwa mwendo wa uchovu, na huo mwendo ndio utakaojengeka. Kichurachura cha hamsini na tano ni somo la kuruka vibaya. Mimi nililifundisha kwa miaka, kwa bidii, na kwa filimbi.

Wazazi walikuja. Nilijua watakuja. Mama mmoja aliniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, huyu ni mtoto wa kike. Akishaota mabega kama baunsa, kesho na keshokutwa nani atamposa?" Nikaanza kumweleza habari za neva, na za homoni ya testosteroni ambayo wanawake wanayo kwa kiasi kidogo sana kulinganisha na wanaume. Nikaona macho yake yanaenda mbali. Aliyeniokoa ni bibi wa binti, mama mkwe wake, Mmeru aliyekuja naye na kukaa kimya muda wote akiuangalia mzigo wetu wa zege.

"Hilo lina kilo ngapi?"

"Shikamoo bibi. Yote pamoja na chuma, arobaini na sita."

"Marahaba. Mimi nimebeba mikungu ya ndizi kutoka kule juu mpaka soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, tangu sijaolewa. Na majani ya ng'ombe kila jioni." Akamgeukia mkwewe. "Mimi nimeota ndevu?"

Kesi ikafungwa. Binti anaendelea, na bibi huwa anauliza amefikia kilo ngapi. Nimejaribu kuwaza ni utafiti gani ungeshinda hoja ile, sijaupata.

Lakini nondo peke yake haitoshi, na hili nililijua kwa uchungu, maana muhula wa kwanza walipata nguvu nyingi na miruko yao ikaongezeka kidogo tu. Ghala lilikuwa limejaa, mlango bado. Anayeanza kabisa hufaidika na chochote. Baada ya miezi michache inabidi afundishwe kuitoa ile nguvu kwa haraka. Hapo ndipo miruko inarudi, safari hii ikiwa michache na ikiwa freshi.

Tukaanza na kutua, siyo kuruka. Wanashuka kutoka kwenye baraza la darasa, ambalo ni fupi kuliko goti, wanatua kwa miguu miwili na kuganda. Magoti yasiingie ndani kama ya ndama. Netiboli ina kanuni ya hatua, mtu anadaka hewani na kulazimika kusimama ghafla, na magoti ya wachezaji wa kike huumia sana hapo. Tulikaa kwenye kutua wiki tatu. Walinuna.

Halafu ndipo shuka-na-ruka: unashuka, mguu ukigusa chini tu unaruka juu, kana kwamba sakafu ni kaango la moto. Mrusi Yuri Verkhoshansky ndiye aliyeisambaza mbinu hii miaka ya 1960, kwa wanariadha waliokuwa na nguvu tayari na kutoka vimo virefu kuliko baraza letu. Msuli ukivutwa ghafla na kurudi papo hapo, kano zinahifadhi nishati kama mpira wa manati na kuirudisha. Ukikawia chini, nishati hiyo inapotea kuwa joto. Ukitaka kuiona waziwazi, waangalie morani wa Kimasai kwenye adumu, ngoma yao ya kuruka. Magoti hayakunjwi sana, mwili umenyooka, kisigino hakigusi ardhi, kifundo kimekaza kama springi. Mmoja wa mabinti zangu ni Mmasai wa Monduli. Nilipomaliza kueleza habari za Verkhoshansky akasema, "Mwalimu, hiyo ni ngoma ya kaka zangu," akatuonyesha pale pale, na sketi yake ya shule, na kila mtu akaelewa kuliko alivyonielewa mimi.

Miruko kumi na mitano, ishirini kwa siku. Ikipungua kimo, tunafunga. Kimo tunakipima ukutani: binti anasimama, ananyoosha mkono na kuweka alama ya chaki, kisha anaruka na kuweka alama ya pili. GK wangu alianza na tofauti ya sentimita 31. Muhula uliofuata 34. Wiki iliyopita 38. Ukuta wa darasa la Kidato cha Pili B una madoa meupe kama umeugua tetekuwanga.

Wenzangu wa riadha wananiambia hayo ni mambo ya netiboli na mpira wa kikapu. Huku kwetu tumelelewa na mbio ndefu. Tunajivunia Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyeongoza mita 1500 mwanzo hadi mwisho pale Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. Tuna miinuko, tuna hewa nyepesi, tuna imani kwamba mapafu ndiyo kila kitu. Ninawajibu kwa Tokyo. Septemba 15, 2025, huku kwetu ikiwa bado usiku, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni. Kilomita arobaini na mbili na ushee, na yeye na Mjerumani Amanal Petros wote wakaandikiwa 2:09:48. Picha ya mstarini ndiyo iliyoamua, kwa sekunde 0.03. Zaidi ya saa mbili za mapafu zikaishia kwenye mbio za mita chache za mwisho, kwenye kitu kinachofanana na kile nilichokiona GK wangu hana.

Na siyo mwishoni tu. Mwaka 1999 watafiti wa Finland, akiwemo Leena Paavolainen, waliwachukua wakimbiaji wa masafa, wakabadilisha kama theluthi moja ya saa za mazoezi yao kwa wiki tisa: badala ya kukimbia, wakapewa miruko, mbio fupi na vyuma vyepesi vinavyosukumwa kwa kasi. Muda wao wa kilomita 5 ulipungua. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukuongezeka. Mapafu yalikuwa yaleyale, ila kila hatua ilikuwa inawagharimu nishati kidogo kuliko zamani. Mwalimu wa riadha aliposikia aliuliza kama Finland wana milima.

Nisijifanye tumekuwa mabingwa. Msimu huu tumeshinda michezo mingi kuliko tuliyopoteza, na mmoja tulioupoteza ulikuwa kosa langu kabisa: niliwapa nondo nzito Alhamisi wakati mechi ni Ijumaa, wakaingia uwanjani na miguu ya mbao. Mwili unahitaji kama siku mbili baada ya siku nzito. Nilikuwa nalijua hilo. Tamaa.

Mpira wa juu bado unampita GK mara nyingine. Juzi haukumpita. Aliufuata, akaushusha kwa mkono mmoja, akatua kwa miguu miwili na kuganda kama alivyofundishwa barazani, na nilijikuta nimesimama kwenye mstari nikiangalia magoti yake badala ya kushangilia.

Mkuu wa shule ameagiza ukuta wa Kidato cha Pili B upakwe rangi upya. Kabla hajaagiza alinyoosha mkono, akaweka alama ya chaki, akaangalia kama kuna mtu anamwona, akaruka. Sentimita 22, kwa anayetaka kujua. Na mwalimu wa mpira wa miguu, yule wa "mbona mmekaa", amekuja Jumatano kuulizia kama anaweza kuazima nondo siku ambazo hatuitumii. Nimemwambia nondo ipo, ila makopo aje na simenti yake.